Swichi yenye kinga ya dhoruba: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ya mtandao iliyo chini ya meza, ofisi nzima inasimama. Taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja, simu za mezani zinakatika, na rauta inalaumiwa bure. Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo, haina kihesabu cha ukomo kama paketi ya IP, kwa hiyo brodikasti moja (fremu inayotumwa kwa vifaa vyote) ikiingia kwenye mzunguko huo inazunguka na kuzaana mpaka kebo ichomolewe. Hiyo ndiyo dhoruba. Kinga ya dhoruba, ile inayoandikwa storm control kwenye menyu, huweka kikomo cha brodikasti, maltikasti (ya kundi la vifaa) na yunikasti (ya kifaa kimoja) isiyojulikana inakoelekea, mlango kwa mlango, yaani kwa kila tundu la kebo.

Karibu kila swichi ya kusanidiwa, ile yenye menyu ya mipangilio, inajinadi kuwa nayo. Hilo lisikutoshe. Uliza mambo mawili: kikomo kinawekwa kwa kipimo gani, na kikivukwa swichi inafanya nini?

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi. Mlango wa gigabiti 1 unaweza kupitisha fremu ndogo za baiti 64 zipatazo 1,488,000 kwa sekunde. Asilimia 1 ya hizo ni kama 14,880. Ombi la ARP, yaani brodikasti ya kifaa kinachoulizia anwani ya kingine, ni fremu ya ukubwa huohuo, na kila kompyuta, printa na kamera kwenye mtandao lazima ilipokee na kulisoma. Ofisi ndogo katika siku ya kawaida huona makumi tu ya brodikasti kwa sekunde. Aliyeweka asilimia 1 akaenda zake nyumbani ameacha mlango wazi kwa mafuriko yanayotosha kuigandisha printa ya zamani au kamera ya bei rahisi, na swichi yenyewe itaona kila kitu ni salama. Ndiyo maana nataka swichi inayokubali fremu kwa sekunde au kilobiti kwa sekunde. Fremu 500 za baiti 64 ni kilobiti 256 tu, namba ambayo asilimia nzima haiwezi kuigusa.

1. TP-Link JetStream za familia ya Omada, mfano SG2008 au SG2210P

Kwa shule, zahanati, gesti au ofisi ya watu wachache, anzia hapa. Kikomo unakiweka kwa kilobiti, aina tatu za trafiki zinatenganishwa, na unachagua fremu zitupwe au mlango ufungwe. Kuna STP (itifaki inayozima njia ya ziada ili mzunguko usitokee) na utambuzi wa mzunguko. SG2210P inatoa pia umeme kupitia kebo ya mtandao (PoE) kwa kamera na vituo vya Wi-Fi. Ukichagua mlango ufungwe, angalia muda wa kujirudisha: ukiachwa sifuri, mlango haufunguki mpaka uufungue mwenyewe, na simu utapigiwa Jumapili.

2. Cisco Catalyst 2960-X ya mtumba

Kwa uwezo, hii ndiyo ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu ya feni, umeme na umri: Cisco iliacha kuiuza mwaka 2022. Lakini hakuna kwenye orodha hii inayokupa udhibiti mzuri zaidi. Amri storm-control broadcast level pps 500 300 huzuia brodikasti zikivuka 500 kwa sekunde na kuziachia zikishuka chini ya 300. Ukiongeza storm-control action shutdown mlango unafungwa, na errdisable recovery cause storm-control huufungua baada ya sekunde 300 usipobadilisha muda huo. Yote haya huja yamezimwa. Usidhani jina la Cisco linakulinda lenyewe.

Ukiingia Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi kutafuta mtumba, nenda na kebo ya konsoli (ya kuingilia kwenye mipangilio ya swichi) na kompyuta yako. Soma namba ya modeli kwa makini: WS-C2960-24TT-L ya zamani ina milango 24 ya megabiti 100, gigabiti ni mbili tu, na wauzaji huiita "2960" tu bila kufafanua.

3. MikroTik CRS326

Fundi wa mtandao anayeijua RouterOS, mfumo wa MikroTik, hatanielewa kuiweka ya tatu. Ni swichi nzuri, ina milango 24 ya gigabiti na miwili ya SFP+ (ya gigabiti 10), na loop-protect yake hufunga mlango wenye mzunguko kwa dakika tano. Kasoro iko kwenye storm-rate, kikomo chake cha dhoruba: ni asilimia nzima tu, na kiwandani imewekwa 100, maana yake hakuna kikomo. Tena inahesabu brodikasti peke yake mpaka uwashe hizo nyingine. Ukiinunua, tegemea RSTP (STP ya kasi zaidi) na loop-protect kwanza.

4. TP-Link TL-SG108E

Ya nyumbani au dukani pako. Kikomo kipo, kuzuia mzunguko kupo, STP hakuna. Ukihitaji zaidi ya milango minane, achana nayo.

Zisizosanidiwa kabisa sizipangi.

Yoyote utakayochukua, weka kikomo kwenye milango ya watumiaji. Kwenye kebo inayounganisha swichi na swichi usiweke amri ya kufunga, maana dhoruba ya chumba kimoja itazima ghorofa nzima. Maltikasti ipe nafasi kubwa kama kuna televisheni za IP. STP ibaki imewashwa daima, kwa sababu kikomo hupunguza mafuriko tu. Mzunguko unabaki palepale.

Jaribu swichi mezani risiti ikiwa bado mkononi. Weka kikomo, zima STP na utambuzi wa mzunguko kwa muda, unganisha milango miwili kwa kebo moja, chomeka kompyuta moja itoe brodikasti, kisha uone kama swichi inazuia mafuriko. Yakiendelea bila kizuizi, irudishe dukani.