Kibanda cha Santuri na Kanda Pale Mwanjelwa: Sikiliza Kwanza, Nunua Baadaye

Anayekwenda soko la Mwanjelwa jijini Mbeya kutafuta muziki wa zamani hana budi kupita kwanza katikati ya marobota ya mitumba, viatu na mapazia, mpaka afike upande wa mafundi redio, na huko aulize "kwa mzee wa santuri". Kibanda chenyewe hakina kibao wala jina, na upana wake hauzidi hatua nne. Tangu Januari nimekitembelea mara tano, nimenunua humo santuri 11 na kanda 20, na nimerudisha santuri moja. Ninayoyaandika hapa ni maoni ya mteja aliyelipia kila kitu kwa fedha zake.

Jambo linalokitofautisha kibanda hiki na wauzaji wengine wa zilipendwa niliowahi kuwafikia ni kwamba mteja anaruhusiwa kusikiliza kabla ya kununua, na anaruhusiwa kwa moyo mweupe. Juu ya meza kuna pleya iliyounganishwa na spika mbili za redio, na kando yake stuli ya mteja. Siku ya kwanza nilipofika na kusema, "Shikamoo, mzee," aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Unatafuta bendi fulani, au umekuja kusikiliza tu?" Nilimweleza kwamba sijui bado ninachokitafuta, naye akanivutia stuli na kuniwekea boksi zima mbele yangu. Nilikaa karibu saa tatu, nikasikiliza santuri 19 na kununua 2, wala hakuonyesha kukereka. Kwa mtu anayependa kugundua bendi asizozijua, ruhusa hiyo ina thamani kuliko punguzo lolote la bei, kwa sababu santuri nyingi humo hazina majalada, na jina lililoandikwa kwenye lebo iliyofifia halimwambii mtu lolote kuhusu sauti iliyomo.

Kwenye stuli hiyo nimejifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Santuri ndogo za mwendo wa 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, hubeba dakika tatu au nne tu kila upande, hivyo wimbo mrefu wa dansi ulilazimika kukatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza ina mashairi, na sehemu ya pili ina chemko, pale magitaa yanapoachiwa na wachezaji kuingia uwanjani. Katika santuri nilizosikiliza, zaidi ya nusu zilikuwa zimechakaa upande wa pili kuliko upande wa kwanza. Mzee alinieleza sababu bila hata kufikiri: kwenye sherehe za nyumbani watu waliusikiliza ujumbe mara moja, kisha sindano ikarudishwa kwenye chemko usiku kucha. Tangu siku hiyo huomba nipigiwe upande wa pili kwanza, kwa kuwa magitaa ya chemko yakiwa bado safi, upande wa mashairi hauna shaka. Santuri ya Western Jazz Band, wale wa mtindo wa Saboso, niliinunua nikijua wazi kwamba saksafoni ya upande wa pili inakwaruza, na sijutii, kwa sababu waimbaji wa upande wa kwanza wanasikika kana kwamba wamesimama chumbani.

Rafu za kibanda hiki zinaonyesha pia historia ambayo wengi wetu tuliisikia bila kuishika mkononi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam au zilisafiri kwenda Nairobi, na santuri zenyewe zilifyatuliwa Kenya ndipo zikarudi kuuzwa kwetu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Ukitazama rafu ya santuri utakuta NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga na Afro 70, bendi zilizokwisha kupata jina kabla ya mpaka kufungwa. Ukitaka Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, mzee atakugeuza uelekee kwenye kanda. Mara zote tano sikukuta humo hata santuri moja ya Sikinde, kama bendi hiyo inavyojulikana, ilhali kanda zao zilijaa boksi mbili.

Kanda nyingi ni za kurekodiwa nyumbani kutoka redioni, na hapo mnunuzi awe na subira. Mara nyingi mwanzo wa wimbo umekatwa, kwa kuwa aliyekuwa akirekodi alisubiri mtangazaji amalize kusema ndipo abonyeze kitufe. Binafsi nazipenda zile ambazo mwenyewe aliwahi mno na kuinasa sauti ya mtangazaji akitaja bendi na mtunzi, kwa sababu maneno hayo machache ndiyo pekee yanayoutambulisha wimbo ambao mwenye kanda hakuuandika popote. Kanda za kwaya za Kimoravian na Kilutheri nazo ni nyingi, kama inavyotarajiwa katika mkoa huu, ila sikuzisikiliza za kutosha kuzitolea hukumu.

Hazina kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko chini ya meza, katika boksi analoliita "la Zambia". Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, haiko mbali na Mbeya, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, imekuwa ikipita hapa tangu miaka ya sabini ikibeba watu na mizigo yao, na santuri zikiwamo. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakihangaikia muziki wa roki wa Zambia wa miaka ile, wa bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family ya Paul Ngozi, wenye magitaa ya mkwaruzo mzito, na santuri za kwanza za bendi hizo huuzwa huko kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu hauwezi kuifikia. Sikuzikuta hizo, na mzee alisema wazi kwamba zilizokuwapo zilichukuliwa zamani na wageni. Nilichokikuta ni santuri ndogo za kalindula, muziki uliopewa jina la ala yake ya besi, na miongoni mwake mbili za Emmanuel Mulemena, ambaye sikuwahi kumsikia. Sielewi Kikaonde, lugha aliyoimbia, hata neno moja, lakini namna gitaa lake linavyotembea taratibu chini ya sauti yake ilinifanya niinyanyue sindano na kuirudisha mwanzo mara nne, mpaka fundi redio wa jirani akaja kuuliza ni nani anayeimba. Mzee anasema wanunuzi wakubwa wa boksi hilo ni watu wa Momba na Tunduma, hasa Wanyamwanga, wenye ndugu ng'ambo ya mpaka.

Mzee anajua kila santuri ilikotoka. Ukimwonyesha yoyote atakwambia kwamba hii ilitoka kwa mfanyakazi wa reli aliyestaafu, hii ilikuwa ya baa iliyofungwa kule Tukuyu, hizi kumi zililetwa na mjane aliyehamia kwa mwanawe. Kwenye lebo nyingine wenyewe waliandika kwa kalamu mwezi na mwaka wa kununua. Habari hizo zinanigusa kama muziki wenyewe, na ndiyo maana kasoro ya kwanza ninayoitaja inanisikitisha: hakuna anachokiandika. Yote yako kichwani mwake, na baya zaidi, maandishi ya wenye santuri huyasugua yatoke ili lebo ionekane mpya. Nilimwomba aache, akacheka kwa upole na kusema wateja wengi hawataki kitu chenye jina la mtu mwingine. Nilimweleza kwamba mimi nalipa zaidi kwa ajili ya maandishi hayo, na safari iliyofuata nilikuta ameniwekea kando santuri tatu ambazo hakuzigusa.

Utunzaji nao una kasoro. Santuri kubwa zimelazwa moja juu ya nyingine badala ya kusimamishwa, hivyo za chini zimepinda kwa uzito, na zilizotoka Rungwe, ambako mvua haikatiki, zina ukungu unaosikika kama mafuta yanayokaangwa. Jambo lililonitia uchungu ni kumwona akifuta kwa spiriti santuri ya mwendo wa 78 ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, yenye lebo ya Mzuri ya Mombasa. Santuri za 78 hazikutengenezwa kwa plastiki kama zile za 45. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao sheleki, na spiriti huuyeyusha. Weusi wake ulififia pale pale mbele ya macho yetu. Hakuwa akijua, na nilipomweleza aliiweka chupa chini mara moja. Sasa anatumia kitambaa laini na maji kidogo, lakini mnunuzi wa santuri za 78 azikague vizuri chini ya mwanga, kwani zilizokwisha kufutwa kwa njia ile ya zamani bado zimo.

Huduma ya kuhamishia muziki kwenye flashi siipendekezi bila tahadhari. Nilimpa santuri ya Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano, na sauti ile niliyoizoea tangu utotoni ilitoka nyembamba na ya haraka, kwa kuwa pleya ilikuwa inakimbia. Aliirudia bila malipo baada ya kubadilisha mkanda wa mashine, na safari hii ilikaa sawa. Lakini asiyeujua wimbo asingegundua, kwa hiyo ni vema kusikiliza kazi hapo hapo kabla ya kuondoka, na kuomba faili lisilobanwa sana.

Bei ni za haki. Santuri ndogo isiyo na jalada ni Sh 5,000, kubwa ni kati ya Sh 20,000 na 50,000 kulingana na hali, na kanda ni Sh 1,500. Hapunguzi sana, ila huongeza kanda moja kwa anayenunua nyingi. Ile santuri niliyoirudisha iliruka nyumbani ingawa haikuruka kibandani, na alinibadilishia bila mabishano. Hufungua saa tatu asubuhi, na siku za katikati ya wiki ndizo nzuri, kwa sababu Jumamosi kelele za soko huishinda spika.

Mteja akikosa anachokitaka, huandikwa katika daftari la maombi, namba ya simu na jina la bendi, na mzee hupiga simu mwenyewe mzigo ukifika. Mimi nimeandikisha Mulemena, chochote kile, na santuri yoyote yenye maandishi ya mwenyewe. Juma lililopita simu iliita saa moja jioni: kuna boksi limetoka Vwawa, hajalifungua, na ameniwekea stuli.