Nobeli ya Hans au dukati ya miwani?

Hizi ni sarafu mbili za kale za dhahabu za Denmark; je, ningechagua ipi? Kwa thamani ya mnada, hakuna ushindani. Nobeli ya Mfalme Hans, ya mwaka 1496, ndiyo sarafu ya kwanza ya dhahabu kufuliwa Denmark, na inamwonyesha mfalme ameketi kwenye kiti cha enzi. Septemba 2024 iliuzwa Copenhagen kwa euro milioni 1.2. Kabla ya hapo ilikuwa mali ya L. E. Bruun, tajiri wa biashara ya siagi aliyefariki mwaka 1923. Vita Kuu ya Kwanza ilimtia hofu, akausia mkusanyo wake wa sarafu uhifadhiwe miaka 100 kama akiba, endapo mkusanyo wa sarafu wa taifa ungeangamia. Haukuangamia, ndipo warithi wakaruhusiwa kuuza. Wosia kama huo naustahi kuliko bei yenyewe.

Dukati ya miwani, ya Mfalme Christian IV, ilitoka mwaka 1647. Upande mmoja una mfalme amesimama. Upande wa pili una miwani na maneno ya Kilatini yanayomwambia mtazamaji aone maajabu ya Bwana. Inasimuliwa kwamba watu walibisha kuwa Norway, iliyokuwa chini yake, haina dhahabu, naye akawajibu kwa miwani, ili waone vizuri.

Nobeli ni ya kutazamwa tu. Anayeweza kuinunua ni mmoja kati ya mamilioni. Hata dukati ni ghali. Lakini mimi ningechagua dukati, kwa sababu ndani yake namsikia mfalme akibishana na watu wake.