Begi la Mtwara lilivyopelekwa Mwanza: huduma ya mizigo niliyoipata

Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za kijana wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Mtwara.

Safari yenyewe sina neno nayo. Tuliondoka Dar kwa wakati, tukatua salama. Abiria wenzangu wakachukua mizigo yao, wengine tayari wako nje wanapatana bei na madereva wa bajaji, mimi bado nautazama mlango wa mizigo. Yule kijana akaniomba kile kipande cha stika walichonibandikia Dar nyuma ya bodingi pasi. Akakiangalia mara moja tu.

"Pole dada, begi lako halijapotea. Limeenda Mwanza."

Akanionyesha kwa kidole: MWZ. Mtwara ni MYW. Basi begi langu liko ziwani, mimi niko pwani.

Hapo ndipo alipostahili sifa. Alijaza fomu bila haraka: rangi, ukubwa, namba ya stika, hata akauliza ukifungua begi unakutana na nini kwanza. Nikamwambia doti za kanga, sare za harusi ya Jumamosi. Akanipa nakala yenye namba ya kumbukumbu na kuniambia nisitoke uwanjani bila karatasi hiyo. Bila nakala ile nisingekuwa na cha kudai.

Kwenye simu za Dar ndiko nilikochoka. Kila ukipiga anapokea mtu mwingine, nawe uanze hadithi upya. Begi lilipofika Mtwara, wakaniambia nifuate. Mimi niko Newala! Nipande gari nishuke Mtwara, nipande tena kurudi, siku nzima imeisha, na kosa la kwao? Nikagoma. Kijana yuleyule akalipakia kwenye basi la Newala, akalipia yeye, akanitumia picha ya risiti kwa WhatsApp. Ijumaa jioni nikalipokea stendi. Kufuli limevunjwa, zipu imeachia upande mmoja, ila kanga zote zimo.

Nililipiga picha kabla sijalifungua, nikawatumia siku hiyohiyo. Madai ya mzigo yana muda wake. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi begi likiharibika, na siku 21 tangu ulipokee likichelewa. Lisipofika ndani ya siku 21 unaweza kulidai kama limepotea. Ukisafiri ndani ya nchi, soma masharti ya tiketi yako, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma.

Risiti za dera na kandambili nilizonunua Mtwara mjini kusubiria begi nimewatumia pia. Jibu ni lilelile, "tunalishughulikia." Kufuli hata hawajaligusia.