Vikuku vya bawaba: goti limepona, mguu haukutulia

Nilinunua vikuku hivi, yaani vyuma vya kukanyagia mpanda farasi vinavyoning'inia pande mbili za tandiko, kwa sababu moja tu. Kila farasi alipoingia katika mashindo, yaani mwendo wa kukimbia polepole, mguu wangu kuanzia goti kushuka chini ulikuwa ukipepea mbele na nyuma kama nguo iliyoanikwa kambani, na muuzaji alinihakikishia kwamba bawaba zilizomo katika vikuku zingeutuliza. Nimevitumia kwa miezi 4 sasa, siku 3 kwa wiki, katika uwanja wa mchanga na nje yake, na naona muda huo unatosha kupima ahadi ile.

Kikuku cha kawaida ni pete ngumu ya chuma isiyojikunja popote. Hiki kimekatwa katika mikono yake miwili, juu kidogo ya kanyagio, sehemu ya chini inayobeba unyayo, kisha kikaungwa tena kwa kiungo kinachocheza, na kiungo chenyewe kimevishwa mpira mweusi. Uzito wa mwili ukishuka, kikuku huinama pamoja na unyayo. Katika mashindo, farasi hutua kwa miguu miwili ya mshazari kwa pamoja, wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto, akaelea hewani kwa kitambo kidogo sana, kisha jozi ya pili nayo ikatua. Mpandaji hupokea pigo kwa kila jozi, na pigo hilo lazima limezwe na nyonga, goti na kifundo cha mguu. Hapo ndipo bawaba zinapofanya kazi ya kweli: maumivu ya goti yaliyokuwa yakinianza baada ya nusu saa yaliisha katika wiki ya pili, na kwa hilo sina lalamiko lolote.

Utulivu wa mguu ni habari nyingine kabisa. Katika wiki ya tatu mwalimu wangu alinipiga video kutoka ubavuni, tukaitazama kwa mwendo wa polepole. Kila nilipoinuka kufuata pigo, goti lilibana tandiko na kuwa kama msumari ambao mguu wa chini unauzunguka: kisigino kilipanda na kukimbilia nyuma, kifua kikaangukia shingoni mwa farasi, na nilipoketi vyote vikarudi kwa kishindo. Bawaba zilikuwa zikicheza barabara, ila zilichokuwa zikinisaidia ni kupepea kwa ulaini zaidi. Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye buti zangu. Baada ya kushuka, ngozi ya upande wa ndani wa goti ilikuwa imeng'aa kwa msuguano na kulowa jasho la farasi, lakini kwenye shavu la mguu palikuwa na vumbi lilelile nililopanda nalo. Shavu hilo halikuwa likimgusa mnyama hata kidogo.

Kosa la kwanza lilikuwa urefu wa kanda zinazoning'iniza vikuku, na lilirekebishika kwa dakika moja. Ncha za vidole zikiwekwa mahali ukanda unapoangikwa kwenye tandiko, kikuku kinapaswa kufika kwapani. Na mtu akiwa juu ya farasi, miguu ikining'inia huru, kanyagio liguse mfupa wa kifundo. Kanda zangu zilikuwa ndefu mno, kwa hiyo nilikuwa nikikitafuta kikuku kwa ncha za vidole, na mguu unaotafuta mahali pa kukanyaga hauwezi kutulia. Tulizipandisha matundu 2.

Goti lilichukua muda zaidi. Mwalimu alimfunga farasi kamba ndefu, akasimama katikati ya duara, akaninyang'anya hatamu, na vikuku vyangu vya kisasa tukavipishanisha mbele ya tandiko vikae bila kazi. Bila vikuku, goti halina cha kusukumia likijibana. Lazima paja lirefuke kutoka kwenye nyonga na mguu wa chini uning'inie wenyewe. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliusia jambo hilohilo: mpandaji akae kama aliyesimama huku ametanua miguu, si kama aliyeketi kitini, na mguu kuanzia goti uwe umelegea. Ugiriki ya wakati wake haikuwa na vikuku, na nakiri kwamba hilo lilinipunguzia fahari ya ununuzi wangu.

Mwalimu aliporudisha vikuku alinipa zoezi lililonifaa kuliko yote: katika mashindo, kusimama kwa mapigo mawili na kuketi kwa pigo moja, mfululizo. Zoezi hilo halina huruma. Mguu ukiwa umekimbilia nyuma, katika lile pigo la pili mtu huangukia mbele; ukiwa umesukumwa mbele, jambo linalowapata wengi wanaokandamiza kisigino kwa nguvu kwa sababu waliambiwa "kisigino chini", huangukia nyuma na kuketi kabla ya wakati. Kisigino hushuka vizuri pale tu uzito unapoachwa upite gotini bila kuzuiwa.

Kuhusu bidhaa yenyewe, kanyagio ni pana na lina meno madogo ya chuma yanayoshika soli vyema hata wakati wa mvua, ingawa yameanza kuzitafuna soli za buti zangu. Mpira wa kiungo cha kushoto umepata ufa mwembamba, jambo ambalo sikulitarajia mapema hivi. Anayenunua ahakikishe kanyagio linazidi upana wa buti kwa sentimeta 2 hadi 3, kwa sababu kikuku chembamba kinaweza kumnasa mtu akianguka. Mwenye vifundo vilivyolegea kwa maumbile asivichukue kabla ya kuvijaribu. Rafiki yangu wa namna hiyo aliviazima, akasema alijihisi amesimama juu ya jeli.

Mwezi uliopita nilivivua kwa wiki nzima nikarudia vile vya chuma kigumu, ili nijue ni kipi kilichoniponya nini. Mguu ulibaki palepale ulipo, chini ya nyonga, na manyoya ya farasi yakaendelea kunata kwenye shavu la buti. Siku ya pili goti likaanza kuuma, na ya nane nikavirudisha vya bawaba.