Seti ya kuzalishia mbwa: kipi kina thamani ndani ya kifurushi, na kipi kimesahaulika

Vifurushi hivi siku hizi vinauzwa mtandaoni, na yaliyomo hayatofautiani sana kati ya muuzaji mmoja na mwingine: mkoba wa zipu wenye glavu, vibano vya kitovu, mkasi, mpira wa kufyonza makamasi, mikanda ya rangi ya kuwatambulisha watoto, bomba la sindano na mrija wa kulishia, chupa ya kunyonyeshea, pedi za kunyonya majimaji, iodini, kipimajoto na karatasi ya kumbukumbu. Kwa mfugaji wa German Shepherd au Rottweiler anayetarajia watoto 6 hadi 10, wazo ni zuri. Usiku wa kuzaa hakuna duka lililo wazi.

Hata hivyo, fedha nyingi ya kifurushi hiki imekwenda kwenye vitu ambavyo jike mwenye afya pengine hatavihitaji. Mambo mawili yanayoamua nani atavuka wiki ya kwanza ni joto na uzito, na kifurushi hakina taa wala mizani.

Tuanze na kinachostahili sifa. Kipimajoto ndicho kitu cha maana kuliko vyote mkobani, na ndicho ambacho wengi hukiacha kwenye kasha lake. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tangu yai kupevuka, lakini ukihesabu kuanzia siku ya kupandishwa unaweza kupata siku yoyote kati ya 57 na 72, kwa sababu mbegu za dume huishi siku kadhaa ndani ya jike na mayai yenyewe huchelewa kukomaa. Kalenda peke yake haitoshi. Anza kupima joto la jike asubuhi na jioni kuanzia siku ya 56, kwa njia ya haja kubwa, ncha ikiwa imepakwa jeli na kuingizwa kama sentimita 2. Siku za kawaida utasoma kati ya nyuzi 38 na 39. Projesteroni, homoni inayotunza mimba, inaposhuka ili uchungu uanze, joto nalo hushuka kwa nyuzi 1 hivi, mara nyingi chini ya 37.2, na watoto huanza kuja ndani ya saa 24. Mshuko huo hudumu saa chache tu, kwa hiyo anayepima mara moja kwa siku anaweza kuukosa kabisa. Katika siku tatu za mwisho pima mara tatu.

Vipimajoto vinavyokuja na seti ni vya bei rahisi, na baadhi hulia kabla namba haijatulia. Kabla ya kukiamini, kitumbukize pamoja na kingine cha hospitali kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Vikipishana kwa nyuzi 0.3 au zaidi, tumia cha hospitali. Kikipishana kidogo lakini kwa kiwango kilekile kila mara, bado kinafaa, kwa kuwa tunachotafuta ni mshuko.

Vibano vya kitovu na mkasi ndivyo vinavyopendeza kwenye picha ya tangazo, na ndivyo vinavyotumika vibaya zaidi. Jike hukata kitovu kwa kutafuna. Kule kutafuna huiponda mishipa ya damu na kuifunga. Mkasi mkali hukata safi, na mkato safi huvuja. Mwache mama afanye kazi yake. Ukilazimika kuingia kati, ama kwa sababu jike ni mzazi mpya na ameduwaa, ama kwa sababu mtoto wa pili anatoka kabla hajammaliza wa kwanza, bana kitovu sentimita 2 au zaidi kutoka tumboni, kata upande wa nje wa kibano, kisha chovya kisiki chote kwenye iodini. Usikivute kitovu kuelekea nje hata kidogo, maana mvuto huo waweza kuacha ngiri. Vibano vyenyewe vingi ni vya ukubwa wa mtoto wa binadamu. Kwa Chihuahua au Japanese Spitz ni vizito mno, na jike huving'ata akitaka kuviondoa, akivuta na kitovu pamoja. Uzi uliochemshwa unafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na pande zake zikatwe fupi.

Mpira wa kufyonza makamasi ni mzuri. Unaminywa kwanza ukiwa nje, kisha unaingizwa mdomoni na kuachiliwa, halafu ndipo puani. Ukianza na pua, mtoto atashtuka na kuvuta pumzi huku mdomo ungali umejaa maji. Lakini kinachomwamsha mtoto ni taulo: msugue mgongoni na mbavuni kwa nguvu ya wastani, kichwa kikiwa kimeelekea chini kidogo, na usikate tamaa mapema. Ile desturi ya kumshika mtoto kwa mikono miwili na kumpunga hewani ili maji yatoke iachwe kabisa. Ubongo huumia, na kinachotoka mdomoni mara nyingi ni maji ya tumboni, ambayo huweza kuingia mapafuni. Seti zenye taulo huwa na mbili au tatu tu. Andaa angalau mbili kwa kila mtoto.

Pedi za kunyonya majimaji tungeshauri ziondolewe. Jike aliye kwenye uchungu hukwaruza na kurarua kila kilicho chini yake, na pedi ikipasuka ile jeli ya ndani humezwa. Magazeti yanatosha wakati wa kuzaa, tabaka kadhaa, yakiondolewa kadiri yanavyolowa. Watoto wakishakauka, badilisha uweke blanketi au zulia lisiloteleza. Wakikaa siku nyingi juu ya gazeti au sakafu laini, miguu huteleza pembeni na wengine huchelewa kusimama. Vitambaa vilivyochakaa vinafaa alimradi havina matundu wala nyuzi zinazoning'inia, maana mtoto huingiza kichwa au mguu na kunyongwa.

Mikanda ya rangi ni msaada wa kweli kwa wenye watoto weusi tupu. Tahadhari moja: mtoto anayenyonya vizuri huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara mbili ndani ya siku 7 hadi 10. Mkanda uliokuwa sawa Jumatatu utakuwa unabana Ijumaa. Ukague kila siku unapompima uzito.

Sasa tuje kwenye chupa, sehemu ya seti inayotia hofu. Chupa hizi huja na chuchu isiyotobolewa au yenye tundu kubwa mno. Maziwa yatoke tone kwa tone ukiigeuza chupa. Yakimiminika yenyewe, mtoto atapaliwa. Mtoto anyweshwe akiwa amelala kifudifudi, shingo imeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Kumlaza chali mkononi kama mtoto wa binadamu ni kumwelekezea maziwa mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua kwa siku moja au mbili. Mrija wa kulishia una hatari yake pia. Hupimwa kuanzia ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, ukatiwa alama kwenye robo tatu ya urefu huo, lakini watoto wa siku za mwanzo hawana uwezo kamili wa kukohoa, kwa hiyo ukimya wao si uthibitisho kwamba mrija umeingia tumboni. Omba daktari wa mifugo akuonyeshe kwa mkono wake kabla hujajaribu.

Kiasi kisizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja, kila baada ya saa 2 hadi 3. Na usimlishe mtoto aliyepoa. Joto la mwili likiwa chini ya nyuzi 35 utumbo husimama, maziwa hukaa tumboni, tumbo hujaa hewa, na mtoto hufa akiwa ameshiba. Mpashe joto kwanza, polepole, kwa saa 1 hadi 3, ndipo umlishe.

Maziwa ya ng'ombe hayawezi kuwa badala kwa muda mrefu. Ya mbwa yana mafuta kama asilimia 9 na protini kati ya 7 na 8, wakati ya ng'ombe yana kama asilimia 3 na nusu kwa kila kimoja, na sukari ya maziwa iliyo nyingi zaidi, inayowaharisha watoto. Nunua maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa na uwe nayo ndani kabla ya siku ya 55. Hata hayo hayana kinga. Kinga imo kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wa mtoto huipokea ndani ya saa 24 za kwanza tu, zaidi katika saa 12 za mwanzo. Kila mtoto awekwe kwenye chuchu mapema, hata kwa kumsaidia.

Karatasi ya kumbukumbu imepangwa vizuri: saa ya kuzaliwa, jinsia, rangi ya mkanda, uzito, na kisanduku cha kondo la nyuma. Hesabu makondo. Kila mtoto ana lake, ingawa wakati mwingine hutoka watoto wawili kisha makondo mawili. Jike akila moja au mawili hakuna neno. Akiyala yote ataharisha. Kinachokosekana kwenye karatasi hiyo ni lini umpigie daktari, kwa hivyo geuza nyuma uandike kwa kalamu: amesukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila mtoto kutoka, zimepita zaidi ya saa 2 tangu mtoto wa mwisho na bado wapo tumboni, ute wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana yake kondo limeshaachia, zimepita saa 24 tangu joto lishuke na hakuna uchungu. Picha ya eksirei baada ya siku ya 55 itakupa idadi ya vichwa, ujue kama amemaliza au amepumzika tu. Usichome oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, ya kununua dukani. Mtoto akiwa amekwama kwa upana, dawa hiyo huubana mfuko wa uzazi juu yake na unaweza kupasuka.

Baadhi ya seti huongeza jeli ya kalsiamu, na maelekezo ya pakiti hayasemi lililo muhimu. Kalsiamu haipewi wakati wa mimba. Ukimpa, tezi zinazoitoa kalsiamu kwenye mifupa hulala, kisha maziwa yanapoihitaji kwa wingi mwili hauwezi kuitoa haraka. Matokeo yake ni kile wafugaji wa ng'ombe wanachokiita homa ya maziwa: jike anahema, anatetemeka, anakakamaa. Mbwa wadogo wenye watoto wengi ndio hupatwa zaidi, hasa wiki mbili au tatu baada ya kuzaa. Hiyo ni dharura ya kliniki, si ya jeli.

Turudi kwenye vilivyosahaulika. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu 1 hadi kilo 5 ndiyo jicho la mfugaji. Mtoto wa gramu 150 akipoteza gramu 15 ameshafika asilimia 10, ambayo ndiyo mpaka wa siku ya kwanza. Mizani inayosoma gramu 50 kwa 50 haitaona kitu. Baada ya saa 24 kila mtoto aongeze kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa kuzaliwa kila siku. Kwa Rottweiler wa gramu 450 ni gramu 22 hadi 45. Asiyeongeza kwa siku moja anahitaji chuchu ya nyuma, ambayo huwa na maziwa mengi, bila ndugu wa kumsukuma. Asiyeongeza kwa siku mbili anahitaji daktari, hata kama anaonekana mchangamfu.

Joto la chumba hutegemea uliko. Limuru au Arusha mwezi Julai bila chanzo cha joto utazika watoto, kwa kuwa wiki ya kwanza hawawezi kutetemeka wala kujipasha. Mahali walipolala pawe na nyuzi 29 hadi 32, kisha upunguze taratibu hadi 27 wiki ya pili na ya tatu. Taa nyekundu ya vifaranga inafaa. Ining'inie upande mmoja wa sanduku kwa mnyororo, kamwe isishikiliwe na waya wa umeme, ili anayeona joto ahamie upande wa pili. Pima joto pale watoto walipo, si ukutani. Wakirundikana wanasikia baridi; wakitawanyika na kulia wamechomwa. Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho, moshi wake usioonekana huua mama na watoto pamoja. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo zitakuvusha, ukizibadilisha kila saa moja au mbili. Mombasa na Dar es Salaam mwezi Februari kazi ni kinyume: taa haihitajiki mchana, na anayehitaji upepo na maji ya kunywa ni mama.

Kwa atakayenunua: agiza kifurushi mapema, kifike kabla ya siku ya 50, ukifungue siku hiyohiyo. Tazama tarehe ya mwisho ya iodini, jaribu mpira kama unafyonza, chemsha mkasi. Kwa atakayekusanya mwenyewe, kipimajoto, iodini, glavu na bomba la sindano vyote vipo duka la dawa la mtaani, mizani ipo duka la vyombo, na taa ipo kwa muuza pembejeo za kuku. Vipimajoto vingi na baadhi ya mizani hutumia betri ndogo za kidonge, ambazo dukani usiku huwezi kuzipata. Weka za akiba mkobani.