Longi ya kupanda miamba iliyonipasukia msamba Lukenya, na yule dada wa kaunta

Mimi si mtu wa kulalamika mtandaoni, nikikosewa huwa nameza tu naendelea na shughuli zangu, lakini hii ya longi imenikaa kooni na haishuki, kwa hivyo leo mtanivumilia.

Kuna duka moja hapa Nairobi linauza vitu vya wapanda milima, mahema, mabuti, kamba, hizo zote, na jina sitalitaja maana sitaki simu za mawakili. Kitambo kidogo, kabla mvua ndefu hazijaanza, nikaenda pale nikanunua longi ya kupandia miamba, 6,500, sikupunguziwa hata shilingi, na mimi ni mtu wa kuomba kupunguziwa hata dawa. Kile kikaratasi kinachoning'inia kiunoni kina picha ya jamaa yuko juu ya jabali, mguu mmoja ameuinua karibu ufike sikio. Hiyo picha muiweke akilini, kesi yote iko hapo.

Jumamosi moja tukaenda Lukenya, kile kilima cha ukishapita Athi River, ambacho wapanda miamba wa Nairobi wamekuwa wakikifanyia mazoezi tangu kitambo sana. Mwamba wa pale ni mkwaruzo mtupu, una chembechembe zinakula ngozi ya vidole hadi unalala ukiwa umeviloweka kwenye mafuta, lakini unashika kiatu vizuri ajabu na ndio maana tunaupenda. Nikafika mahali unatakiwa uinue mguu mpaka usawa wa kifua, uweke ncha ya kiatu kwenye kijiukingo kidogo hivi, halafu usimame juu yake. Nikainua. Nikaegemea. Trrrrap.

Na si mimi pekee niliyesikia. Aliyenishikia kamba alisikia, familia fulani waliokuwa wanakula mayai ya kuchemsha chini ya mti walisikia wakatazama juu, na upepo wa Lukenya nao mnaujua, haubishi hodi. Nilichokuwa nimevaa ndani siku hiyo sitakitaja ila kilikuwa na maua. Nikashushwa, mwenzangu akanirukia na leso kabla sijagusa chini, na siku yangu ikaishia hapo, mchana wote nikawa wa kushikia wengine kamba, leso imebanwa na hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba, nimefura kiunoni sijulikani ni mpanda miamba ama naenda matanga.

Nyumbani nikaigeuza ile longi ndani nje nikaiweka chini ya taa. Yani hapo ndipo hasira ilianza sasa, maana kabla ya hapo nilikuwa na aibu tu. Pale msamba mishono minne inakutana kwenye nukta moja, vilevile kama suruali ya kwenda ofisini, uzi mwembamba, mshono mmoja, basi. Ukiwa umesimama huoni shida, hata ukitembea siku nzima huoni shida, lakini ukiinua mguu juu na kuupeleka kando, kitambaa chote kinavuta na mvuto wote unaenda kwenye ile nukta moja. Longi ya kupanda kikweli inatiwa kipande cha ziada pale katikati, cha umbo la almasi, ni akili ileile ya mafundi wa kanzu wanaotia kikwapa ili uinue mkono bila nguo nzima kukufuata. Mishono inaachana, mvuto unagawanyika, unapiga msamba unavyotaka. Na si uvumbuzi wa juzi, kuna jamaa wa California, Mike Graham, mpanda miamba pia, alianzisha kampuni ya nguo ya Gramicci mwaka 1982, na sifa yake kubwa mpaka leo ni hicho kipande cha msamba pamoja na mshipi ulioshonewa kiunoni unaoukaza kwa mkono mmoja. Miaka yote hiyo imepita na mtu bado ananiuzia suruali ya ofisi yenye picha ya jabali!

Nikarudi dukani na longi, risiti, na meseji ya M-Pesa. Dada wa kaunta alikuwa kwenye simu anaongea mambo ya chama, nani hajatoa, nani anafaa atolewe, na nikangoja mpaka nikawajua wanachama wote. Alipomaliza akaishika longi yangu kwa vidole viwili akaiinua juu, duka lina watu, akauliza kwa sauti, "Madam, kwani hii ulivaa ukifanya nini?"

Nikamwambia kupanda mwamba.

"Hii ni ya kutembea mlimani, si ya kutanua miguu hivyo."

Nikamtolea kile kikaratasi, nilikuwa nimekiweka, nikamwonyesha jamaa na mguu wake sikioni. Akakitazama. Akasema, "Hiyo ni picha tu madam. Hata pampasi ziko na picha ya mtoto na mtoto hauziwi."

Watu wakacheka. Na mnajua kinachoniuma? Ilikuwa inachekesha kweli, hata mimi ningecheka kama si longi yangu. Sasa badala ya kuachia hapo akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwa viatu, polepole, akasema hizi huwa zimekatiwa watu wembamba, pengine ningeongeza saizi. Mimi nilivaa hiyo longi na mkono unaingia kiunoni! Nilikuwa naifunga na mshipi! Nikamtajia Katiba, kifungu cha 46, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, akaniwekea kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Meneja je? Ametoka kidogo. Huyo meneja wa kutoka kidogo nafikiri alitoka na hajawahi kurudi.

Sasa kwa vile hilo duka halina mtu wa kukuambia, wacha niwaambie mimi, kwa sababu pale ukutani walikuwa na longi aina moja tu na wanaisifu kwa kila kitu, na hakuna longi ya kila kitu.

Hell's Gate, kule Naivasha, ni hadithi nyingine kabisa na Lukenya. Ule mwamba wa volkano umepasuka nyufa ndefu kutoka chini hadi juu, na kwenye nyufa hupandi kwa vidole, unaingiza ngumi, kiatu, na zile pana unaingiza goti zima na paja. Pale ukija na laigisi zako za jimu, hata ziwe za bei gani, utazitoa zimekuwa wavu. Kitambaa kiwe kizito, goti liwe limeshonwa mara mbili, na miguu iwe mirefu ifunike kifundo, ngozi ikikutana na ukingo wa ule ufa inabaki kule. Niliona mtu na kaptura pale Fischer's Tower, ule mnara wenyewe ni kama mita 25 tu, na akashuka mapaja yanatoka damu hadi watalii wa baiskeli wakasimama kumpiga picha.

Kwa ukuta wa ndani, ule wa kushikilia vishikio vya rangi rangi, vaa chochote chenye kuvutika, kaptura, laigisi, hata suruali ya kulalia, hakuna atakayekuuliza. Ila nyeusi itajaa alama za chaki za vidole vyako mwenyewe, na kama una mume mwenye maswali jiandae.

Mambo ya hanesi ndiyo watu wanasahau kabisa. Mshipi wa hanesi unakaa palepale kiunoni, kwa hivyo longi yenye bizimu kubwa, au misumari ya mfukoni kama ya jinzi, au fundo la kamba kwa mbele, ukining'inia kidogo tu utajua hicho chuma kiko wapi. Mifuko ya pembeni nayo inabanwa na hanesi, simu ikiwa humo inasukumwa nje, utaipata chini. Mfuko wa maana ni ule wa pajani, chini ya mikanda ya miguu, na uwe na zipu. Na pindo la chini liwe na elastiki au kamba ya kukazia, ukiangalia chini utafute pa kukanyaga uone kiatu, si kitambaa.

Mlimani sasa, Mlima Kenya namaanisha, achana na pamba. Pamba ikilowa inakaa na maji, na kule juu baridi haina utani. Wanaopanda Nelion, mita 5,188, na kulala kwenye kile kibanda cha Howell kileleni, wanavaa suruali nyembamba ya joto ndani na ya kuzuia upepo juu, kwa hivyo ile ya juu lazima iwe na nafasi ya kubeba mwenzake na bado goti likunje. Jinzi ukionekana nayo kule wapagazi watakuonea huruma.

Basi baada ya ile aibu ya dukani nikaenda soko la Toi kujituliza, mitumba ndiyo dawa yangu, na siku hiyo walikuwa wamefungua mtumba wa suruali, kamera kabisa, yani daraja la kwanza, na nikaingiza mkono nikatoa nini? Gramicci! Imepauka, rangi ya udongo, kipande cha almasi kiko palepale, mshipi wake uko, 350. Nilitetemeka. Nikalipa haraka haraka kabla muuzaji hajanisoma uso. Ikawa fupi kiasi lakini hiyo longi nimepiga nayo misamba yote ya dunia hii na haijatoa hata uzi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemaliza vizuri, nyota moja, duka ni wezi, nendeni Toi. Shida ni kwamba nilikuwa nimebeba na ile iliyopasuka. Nikampelekea fundi wa pembeni pale, mzee hazungumzi sana, nikamwonyesha Gramicci nikamwambia, baba, nataka hivi. Akaipima kwa macho, akakata kipande kutoka kwenye longi ya mtu sijui nani aliyekuwa ameacha vitambaa, akatia kwa uzi wa nailoni mara mbili, 200, nikaondoka. Na sasa inaniuma kuandika hili, lakini ile longi imekuwa ndiyo longi nzuri kuliko zote nilizonazo. Kitambaa chake ni kizuri, ukweli usemwe, inakauka upesi, goti linakunjika bila kuvuta, mfuko wa pajani una zipu na simu inaingia na inabaki. Naivaa kuliko Gramicci. Kwa hivyo sijui niseme nini, kama unaenda kutembea njia za Mlima Kenya za Sirimon au Chogoria, inunue vile ilivyo, na kama unapanda miamba weka kando mia mbili za fundi kwenye bajeti yako. Lakini 6,500 na bado fundi? Hapana, msinunue. Ama subirini wapunguze bei.

Juzi wakanitumia meseji, mteja wetu mpendwa, tukadirie huduma zetu kwa nyota. Nikaweka nne, kwa ajili ya kitambaa. Kabla sijatuma nikakumbuka ile "pengine ungeongeza saizi", nikafuta nikaweka moja, nikatuma. Dakika hiyohiyo ikarudi meseji nyingine, asante madam, una punguzo la asilimia kumi kwa longi yako ijayo, na mwisho wake ni Ijumaa.

Nafikiria kwenda.