Kula Mombasa kwa Saa Yake

Desemba iliyopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alishuka kwenye treni pale Miritini akiwa na karatasi mfukoni. Ilikuwa orodha ya hoteli tisa alizoandikiwa na mwenzake wa kazini, na kila jina limechorewa nyota mbele yake. Nikaisoma, nikamrudishia. Majina yenyewe hayakuwa mabaya, mengine ni mahali ninapokula mimi. Ubaya ni kwamba orodha nzima haikuwa na saa hata moja. Na chakula cha Mombasa kina saa. Ukiikosa utapewa ukoko, kisha urudi kwenu useme mji huu wasifiwa bure.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni. Kazi ilinipeleka Nakuru miaka kumi na sita sasa, lakini kila nikirudi kwetu, asubuhi ya kwanza huamka kabla ya jua kuwa kali, nikavaa kikoi na ndara, nikatoka na bakuli. Bakuli ni la mbaazi. Zamani, kabla mifuko ya nailoni haijapigwa marufuku mwaka 2017, ukienda mikono mitupu ulifungiwa kwenye karatasi ya nailoni, na mbaazi za moto kwenye nailoni ni dhambi ndogo.

Sitamtaja jina mama ninayenunua kwake. Hana kibao wala meza. Ana sufuria mbili na kijiko kirefu, na akimaliza anainua kiti chake anaingia ndani. Kama uko Mji wa Kale saa moja asubuhi, fuata watu wenye bakuli, utafika kwake au kwa mwenzake. Mbaazi zake zimelowekwa tangu jana. Huzichemsha mpaka ziwe laini bila kupasuka, akatia tui jepesi na kitunguu na pilipili mbichi, kisha mwisho kabisa tui zito, na hapo hauachi mwiko: anakoroga mpaka litokote, maana tui ukiligeuzia uso linakatika, na likikatika sufuria yote inakuwa maji na mafuta. Zikiiva vizuri, mbaazi huzioni zikiogelea. Zinakaa kwenye rojo nyeupe nzito inayong'ang'ania kijiko.

Mahamri nayo nina kipimo nilichofundishwa na nyanyangu. Lichane. Likitoa mvuke na harufu ya iliki, na ndani pakawa patupu kama mfuko, hilo ni hamri. Likiwa limejaa unga mpaka katikati, hiyo ni mandazi ya stendi, mle njiani. Shemeji alikula matano, akachota mbaazi kwa kijiko kama supu. Nikamwambia hamri ndiyo kijiko. Akaona haya kidogo, akachana la sita.

Siku ya pili alilala. Tulifika saa nne. Yule mama alikuwa anaosha sufuria, akatutazama kutoka juu mpaka chini: “Mwaja saa hizi mwadhani ni chakula cha mchana?” Baada ya hapo shemeji alianza kuamka mwenyewe.

Mchana ndio wakati mgumu, na hapa ndipo wageni wengi huharibikiwa. Joto, njaa, na mtu wa kukuvuta mkono barabarani. Ushauri wangu: kama ni Ijumaa, subiri watu watoke msikitini, kisha tafuta biriani. Siku nyingine utaipata pia, lakini ya Ijumaa imepikwa na mtu anayejua kwamba jirani zake wote watakula na watasema. Biriani yetu wali unakaa mbali na masala. Mpishi anakupakulia wali kwanza, halafu anakumwagia masala na nyama juu yake. Ukiletewa vyote vimechanganywa tangu jikoni, kula, ni chakula, lakini usiite biriani mbele ya watu wa kwetu.

Siku isiyo Ijumaa, samaki wa kupaka. Hapa nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu shemeji ni mtu wa Kisumu. Kumfundisha samaki mtu aliyekulia kando ya ziwa ni kazi ya aibu. Nilimpeleka Forodhani, ule mkahawa wa Mji wa Kale unaotazama maji, tukaagiza changu. Alipoambiwa amepakwa tui la nazi aliuliza, “Kwani mlikosa maji ya kumchemshia?” Nikanyamaza. Samaki wa kupaka hachemshwi: anachomwa kwenye makaa, na rojo ya tui, kitunguu saumu, tangawizi na ukwaju inapakwa, inakauka, inapakwa tena, mpaka ngozi inashika rangi na kingo zinaungua kidogo. Zile kingo ndizo zenyewe. Shemeji alianza na kichwa, kama nilivyotarajia, na hakusema neno mpaka ulipobaki mwiba. Kisha akaomba ugali. Wali wa nazi alinisogezea mimi. Sikugombana naye, mtu hageuzwi siku moja.

Sasa lalamiko. Kuna hoteli moja kubwa ufukweni, upande wa kaskazini, tuliyoalikwa harusini. Iliandika “usiku wa Kiswahili” kwenye ubao, na pilau ikaja ya manjano. Manjano! Ina na njegere. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaribie kuungua lakini kisiungue. Unaisoma rangi hiyo unajua mpishi ana subira kiasi gani. Ile ya pale ilikuwa wali wenye homa. Shemeji akaniuliza kama hii nayo ina saa yake. Nilimwambia ilipita zamani.

Alasiri ni ya vitu vidogo. Viazi karai, watoto wakitoka chuoni, na chatine ya ukwaju ndani ya chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Au ingia Blue Room, barabara ya Haile Selassie, iliyoko tangu 1952. Pale siwezi kuwa hakimu wa haki. Babangu alikuwa mtu wa bandarini, Kilindini, na siku ya mshahara alikuwa akitupeleka sisi watoto watatu tukiwa tumepakwa mafuta mpaka magotini. Sambusa moja moja, kisha aiskrimu. Yeye hakula aiskrimu. Alikunywa chai akatutazama, na akimaliza alipanga sarafu mezani kwa mistari kabla ya kulipa. Nilipokwenda na shemeji niliagiza sambusa na aiskrimu kwa mpangilio ule ule. Sambusa bado ni nzuri, kavu nje, haitoi mafuta kwenye karatasi. Aiskrimu ni aiskrimu. Utamu wa ziada ni wangu mwenyewe, usije ukanidai.

Jua likianza kushuka, Lighthouse. Watu wa bara huita Mama Ngina, na si vibaya, ndilo jina la barabara. Tangu pakarabatiwe mwaka 2019 pamekuwa na vigae na ngazi na taa, na kuna wazee wanaosema palikuwa patamu zaidi enzi za vumbi. Mimi sina ugomvi na vigae, mradi mihogo ipo. Chagua wa kuchoma: unapasuliwa katikati ukiwa wa moto, unapakwa ndimu na pilipili ya unga mpaka kwenye mipasuko. Kaa ukutani utazame meli ikiingia Kilindini, karibu kiasi kwamba unaona mabaharia wakianika nguo. Dafu kunywa kwanza, kisha mwambie akupasulie ule nyama yake. Wengi hulipa dafu zima wakala nusu. Na uliza bei kabla halijakatwa. Dafu likishakatwa, bei ni ya muuzaji.

Usiku ni Tarboush, Makadara. Hili jina lilikuwa kwenye orodha ya shemeji, na nyota zake ni halali. Lakini alitaka twende saa sita mchana! Nenda baada ya isha, moto ukiwa umekolea na meza zimejaa familia. Agiza kuku tikka na naan, usiongeze mengi. Naan inakuja moto kiasi cha kuunguza vidole, na hapo ndipo uile, si baada ya kupiga picha. Kasoro ipo: ukienda siku ya sikukuu utasimama muda mrefu ukimtazama mtu aliyekwisha kula akichokoa meno kwenye kiti chako.

Ukirudi kwa miguu utapita wanaume wamekaa barazani na muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa. Kahawa tungu, kikombe kidogo, na kashata ya kuzuia uso usikunjike. Kaa, amkia wazee, usiharakishe. Shemeji alikunywa vikombe vinne akakesha mpaka alfajiri, na ndiyo sababu tuliwahi mbaazi siku ile.

Ukija mwezi wa Ramadhani, hizi saa zote zinapinduka. Mchana Mji wa Kale umelala, hoteli nyingi zimefunga, usiende kugonga mlango wa mtu. Lakini saa kumi jioni meza zinaanza kutolewa barazani, kaimati, vitumbua, sambusa, mkate wa sinia, na baada ya magharibi mji unakula mpaka usiku wa manane. Mimi ukiniuliza mwezi wa kuja, nitakutajia huo, ulete na stara yako.

Shemeji aliondoka na mahamri ishirini kwenye mfuko wa sukari na kilo mbili za mbaazi kavu kutoka Marikiti, ingawa nilimwambia Kisumu haikosi mbaazi. Ile orodha aliisahau chini ya mto. Wiki mbili baadaye akanipigia simu saa tatu usiku, sauti ya mtu aliyefiwa.

“Shem, tui limekatika.”

“Ulikoroga?”

“Nilikoroga.”

“Mpaka likatokota?”

Akakaa kimya. Nyuma yake nilisikia televisheni, mtangazaji anapiga kelele.

“Kulikuwa na penalti,” akasema.